Bi Moza wa Laini ya Pili

Kama gazeti la wiki iliyopita mkeo alifungia dagaa kabla hujalisoma, usimgombeze. Nitakupa kwa ufupi.

Mimi ni Nyange, muuza nyama wa Wawi. Skuli niliacha darasa la sita nikashika shoka, na shoka halijanidai cheti mpaka leo. Mimi pia ndiye admini wa grupu la wasapu la mtaa wetu, lile la kutangaziana misiba, harusi na mbuzi waliopotea.

Basi alikuja mwanamke mmoja kijana, Bi Mardhiya, kutoka chuo kikuu huko Unguja. Anafanya utafiti. Anataka kujua watu wa Pemba wanashauriana vipi mambo ya ndoa kwenye simu. Akaniomba nimuingize grupuni.

Nikamuingiza. Nikaandika: "Huyu mgeni wangu, atasoma tunayosema, asiyetaka aseme." Hakusema mtu. Nikamwambia, "Umeona? Wote wamekubali."

Tukaishia hapo, mimi nikijiona waziri.

Haya. Jumamosi asubuhi Bi Mardhiya kaja buchani, uso umemshuka.

"Shikamoo, Mzee Nyange."

"Marahaba. Mbona hivyo, umefiwa?"

"Wakubwa zangu wa chuo wamekataa. Wanasema kunyamaza si kukubali. Nimuulize kila mtu peke yake, na kila mtu aseme mwenyewe. Mpaka hapo nisisome hata neno moja la grupuni."

"Hao wakubwa zako Waislamu?"

"Wengine."

"Basi wakumbushe. Mwanamwali akiulizwa juu ya ndoa akanyamaza, kunyamaza kwake ndiyo idhini yake. Dini imesema. Kama ndoa inapita kwa kunyamaza, wasapu ni kitu gani?"

Akacheka kidogo. "Hawa si wanamwali, Mzee Nyange. Nusu yao wana wajukuu."

"Sikiliza, nina mfano nyumbani kwangu. Binti yangu Suhaila. Imekuja posa kutoka Mgogoni, kijana anaitwa Hafidh. Baba yake, Khatib, rafiki yangu tangu tuko wadogo tunachunga pamoja. Nikamuita mwanangu, nikamuuliza. Akanyamaza. Nikampa Khatib mkono. Ndoa Ijumaa ijayo, na ng'ombe wa karamu ya walima nishamfunga nyuma ya nyumba. Wakubwa zako wangeniambia ningoje mpaka lini?"

Bi Mardhiya akaacha kucheka. Akawa anatazama mizani yangu kama inamwambia kitu.

"Ulimuuliza vipi?"

"Kama watu wanavyouliza. Sebuleni. Ami zake wako, mama yake yuko. Nikamwambia, mwanangu, Hafidh kijana mzuri, wazee wake watu wema, chai yao tushainywa, unasemaje?"

"Hmm," akasema.

Ile hmm sikuipenda. Nyama ikinunuliwa na mtu wa hmm, kesho yake huwa inarudishwa.

Lakini mimi si mtu wa kumwachia mgeni shida. Nikafunga duka. "Twende," nikamwambia. "Nitakuzungusha mwenyewe. Mpaka adhuhuri watakuwa wamekubali wote."

Tukaanza kwa Jabir, fundi baiskeli. Alikuwa chini anapachika mnyororo.

"Jabir, unakubali?"

"Nakubali, Mzee Nyange."

Bi Mardhiya akasema, "Bwana Jabir, hata sijakwambia unachokubali."

"Chochote, bibi. Mie kesho nina wageni. Mzee Nyange anajua nataka kidari."

Tukaenda kwa Mzee Pandu. Mzee Pandu hana simu. Hajapata kuwa nayo na hataki.

"Nakubali," akasema.

"Mzee wangu, wewe humo grupuni."

"Kwani kutokuwemo kunanizuia kukubali? Mpe salamu mkeo Mwatima, Nyange. Na ini, kama lipo, nikumbuke."

Hata hatujafika nyumba ya tatu, Bi Mardhiya akasimama njiani.

"Mzee Nyange, nakuomba usinichukie. Rudi buchani."

"Nimefanya nini?"

"Umeshika kisu."

Nikatazama mkono. Kweli. Nilitoka nacho dukani, sikujua. "Mie muuza nyama. Ulitaka nishike ufagio?"

"Hata ungeshika ua. Hawa watu hawanikubalii mimi. Wanakukubalia wewe. Wanaogopa kupimiwa mifupa."

Nilitaka kukasirika. Tatizo ni kwamba kweli huwa nawapimia mifupa. Si wote. Wale wasio na adabu tu. Lakini sikujua kama mtaa mzima wanalijua hilo.

Nikarudi.

Baada ya alasiri akapita tena, mara hii uso mkunjufu. Nikamuuliza mambo yamekwendaje.

"Vizuri sana. Wengi wamekataa."

"Wamekataa! Na unasema vizuri?"

"Ndiyo. Sasa najua waliokubali wamekubali kweli."

"Nani kakataa? Jabir?"

"Sikwambii."

"Grupu langu hilo, bibi wee!"

"Ndiyo maana sikwambii."

Akajiweka sawa mtandio, akasema kwa sauti ya chini, "Wengine wamesema hawataki kusomwa grupuni, lakini watazungumza nami pembeni, kwa simu. Nimewaahidi kwamba hakitoki kitu."

Sijui ulimi wangu ulitumwa na nani. Nikauliza: "Wa nyumbani kwangu yumo?"

"Mzee Nyange, ukiniuliza mtu yeyote jibu langu ni moja. Awe yumo, asiwe yumo, sikwambii."

Jibu zuri hilo, nina hakika wamemfundisha chuoni. Lakini chuoni hawakumfundisha shingo. Shingo yake iligeuka, ikatazama upande wa nyumba yangu, kisha ikarudi upesi. Mimi nimesimama mbele ya wanyama maisha yangu yote. Shingo naijua.

Nikaenda nyumbani. Suhaila akaniletea chai, macho chini.

"Suhaila, una jambo?"

"Sina, baba."

"Umezungumza na yule mtafiti?"

"Baba, chai inapoa."

Sasa, msomaji, hapa ungeweza kuniambia: Nyange, kaa na mwanao, vuta subira. Ungeniambia, nami nisingekusikia. Mimi nikitaka kujua ng'ombe ana nini, namfungua.

Simu yangu ina laini mbili. Ya pili niliinunua wakati wa ofa na sikuwahi kuitumia. Na pale mtaani kuna grupu jingine, linaitwa Jikoni Wawi, la wanawake watupu. Admini wake Bi Mwanawema, muuza mandazi. Mke wangu Mwatima yumo. Suhaila yumo. Nalijua kwa sababu wote wawili huzicheka simu zao, na nikiuliza kuna nini, huambiwa mapishi. Kiungo cha kujiungia walikwisha kukitupa kila mahali. Mwanamke yeyote anaingia.

Jumapili nyama ilikwisha mapema. Nikajifungia nyuma ya duka, nikaitia laini ya pili wasapu, nikaweka picha ya waridi jekundu. Jina nikaandika: Bi Moza.

Nikabonyeza. Nikaingia.

"Karibu, Bi Moza!" akaandika Bi Mwanawema. "Wa wapi mwenzetu? Hebu tutumie sauti tukujue."

Jasho likanitoka. Nikaandika: "Nna mafua, sauti imekwenda. Mie wa Fundo, nimeolewa huku."

Lo! Hujaona wanawake wanavyotibu. Mmoja tangawizi, mmoja asali, mmoja nijifukize majani ya mkaratusi nijifunike na kanga mbili. Kisha nikaona jina la mke wangu.

"Asinywe maji baridi," kaandika Mwatima. "Namwambia mume wangu kila siku hanisikii. Anakohoa kama trekta."

Nilikuwa nimeshika chupa ya maji baridi. Nikaiweka chini.

Sikuingia mle kupika, niliingia kumtafuta mwanangu. Lakini mtu mmoja akauliza nyama gani inafaa kwa pilau, na wakaanza kujibu upuuzi. Mmoja anasema sarara, ile nyama laini ya mgongo isiyo na mafuta. Sarara kwenye pilau! Nikashindwa kuvumilia. Nikawaandikia chukua kidari, mwambie akuachie mafuta kidogo na mfupa wake, usioshe mara tatu kama nguo.

"Bi Moza fundi!" wakasema. Mpaka jioni nilikuwa na heshima mle kuliko niliyo nayo msikitini.

Kisha akatokea Bi Saada, mwalimu wa skuli. "Tatizo si kidari, wenzangu. Tatizo ni Nyange. Unataka kidari, anakukatia shingo. Ukimtazama, anakutazama."

Nikaandika, "Nyange mtu mwadilifu. Mizani yake haina ila."

Kisha zikaja sura za kucheka, mstari juu ya mstari.

"Weee! Bi Moza kamjulia wapi Nyange?"

"Nimesikia tu."

"Kasikia! Katoka Fundo, kavuka maji, kaja kusikia mizani!"

"Mwacheni, mafua hayo."

Na mke wangu akaandika: "Mie ndo mkewe. Bi Moza, mwenzangu, kama umempenda sema wazi. Nitakupa na mto wake. Ila ujue anakoroma."

Basi nikakaa pale nyuma ya duka, mke wangu ananigawa mimi kwa mimi mwenyewe.

Jumatatu ikaingia meseji ya pembeni. Bi Mardhiya. Kumbe na lile grupu la wanawake yumo, aliwauliza mmoja mmoja wakamruhusu, na kila mgeni akiingia humuuliza na yeye.

"Assalaam aleikum, Bi Moza. Naitwa Mardhiya, natafiti mazungumzo ya ndoa. Naomba ruhusa yako kusoma unayoandika. Ukikataa hakuna ubaya, na hakuna atakayejua."

Kidole changu kikaandika hata sijafikiri: "Sitaki."

"Sawa kabisa, Bi Moza. Sikuulizi sababu. Nitaruka kila ulichokiandika. Ahsante."

Basi. Imekwisha. Nikaitazama ile "sitaki" yangu, imekaa pale peke yake, haina ami pembeni wala haina kisu mbele yake. Ilikuwa rahisi kama kutema mbegu ya chungwa. Na mimi Jumamosi nzima nilikuwa nimewanunia watu wa mtaa kwa kosa hilo hilo.

Alipopita buchani mchana, nikamuuliza kijanja, "Wanawake wanaendeleaje? Wamekubali?"

"Wengi. Kuna mama mmoja kakataa, nimemheshimu."

"Mama gani?"

"Mzee Nyange!"

"Haya, haya."

Tatizo langu lilibaki palepale. Suhaila haandiki. Anasoma tu. Naona alama kwamba kasoma, lakini yeye neno hatoi. Nikaandika "wasichana wa siku hizi wanasemaje juu ya kuozwa?" Wakajibu wote isipokuwa yeye.

Hapo ndipo nilipofanya lile ambalo, nikilikumbuka, natamani kuingia chini ya gogo langu la kukatia nyama.

Nikabuni msiba. Nikaandika kwamba mimi Bi Moza niliozwa bila kupenda. Kwamba baba aliniuliza mbele ya watu, nikashindwa kusema, nikapelekwa kwa mume nikalia mpaka macho yakavimba. Kwamba mpaka leo, mwanamume akikohoa nje ya mlango, moyo unanishuka. Niliandika vizuri, nasema kweli. Sijui yalitoka wapi.

Wanawake wakalia na mimi. Bi Mwanawema akasema ataniletea mandazi. Bi Saada akaandika kwamba na yeye yalimkuta, na miaka yote hiyo hajamwambia mtu. Mke wangu akanisamehe habari ya Nyange na kuniombea dua ndefu. Nikaisoma ile dua nikiwa nimeketi kwenye ndoo, sina pa kuuweka uso. Bi Saada alinipa jambo lake la kweli, mimi nimempa la bandia.

Na chambo kikakamata. Pembeni ikaja meseji.

"Bi Moza, pole sana. Mie Suhaila binti Nyange. Yaliyokukuta wewe, mie yanakuja kunikuta Ijumaa."

Nikaandika, "Humtaki huyo kijana?"

"Simtaki."

"Ana ubaya gani?"

"Hana ubaya. Simtaki tu. Kwani lazima mtu awe na ubaya ndo umkatae?"

Nikasema si lazima. Ningesema nini?

"Baba kaniuliza mbele ya ami zangu wote," akaandika. "Nikatazama mkeka. Ningetoa wapi sauti?"

"Mwambie sasa, mkiwa peke yenu."

"Bi Moza, wewe humjui baba yangu."

"Yukoje?"

"Ana moyo mzuri. Shati lake atakuvulia. Lakini ukimwambia neno, ashakujibu hujalimaliza."

Nikaandika SI KWELI, kwa herufi kubwa. Kisha nikaona chini ya jina lake kwamba bado anaandika, hajamaliza.

Nikafuta.

Iliyofuata ilisema: "Nimewaambia watu wawili tu duniani. Yule mtafiti, na wewe. Mama sijamwambia, atalia."

Sasa tazama nilipojiingiza. Nikimwambia mwanangu nimejua, atauliza nimejuaje. Mimi sikujua, Bi Moza ndiye aliyejua. Kwa hiyo atasema ni Bi Mardhiya aliyesema, na yule mtoto wa watu aliyekataa kunitajia hata jina la fundi baiskeli ataonekana msaliti Wawi nzima. Nikinyamaza, Ijumaa mwanangu anaolewa na mtu asiyemtaka, na mimi ndiye ninayechinja.

Nikaenda kwa Bi Mardhiya. Alipanga chumba kwa Bi Mwanawema, alikuwa barazani na kompyuta yake. Nikamwambia yote. Bi Moza, mafua, pilau, msiba wa kubuni. Meseji za Suhaila sikumtajia. Lakini nilisema, "Nimepata nilichokuwa nakitafuta," na akaelewa.

Akafunga kompyuta taratibu.

"Bi Moza ni wewe."

"Ndiyo mie."

"Na mafua?"

"Sina."

Mdomo ukamcheza, akauzuia. Kisha kicheko kikamwisha kabisa. "Mzee Nyange, ningefanya mimi hilo ulilofanya, chuo wangenifukuza, na wangekuwa na haki. Wale wanawake walikupa siri zao kwa sababu ya mtu ambaye hayupo."

"Mie si wa chuo. Mie baba."

"Ndiyo vibaya zaidi. Mimi nikimaliza naondoka. Wewe unaishi nao."

Nikamwambia, "Nifanyeje?"

"Mwambie ni wewe."

"Hatanitazama tena."

"Basi anza na dogo. Muulize upya. Mkiwa wawili tu, bila ami, bila kumsifia mtu. Uliza, kisha ngoja. Unajua kungoja?"

"Najua," nikasema, na nikaona kwamba nimejibu upesi mno.

Nikarudi nyumbani. Mwatima alikuwa jikoni. Suhaila alikuwa uani anaanua nguo. Nikakaa kwenye kibao, nikasafisha koo.

"Suhaila. Hii ndoa. Mimi nataka kusikia kutoka kwako. Lolote."

Nikangoja. Wallahi nilingoja. Aliikunja kanga ikakunjika, akaikunjua akaikunja tena. Akafungua mdomo. Nikainama mbele kumsikia, na kibao kikalia, naye akashituka.

"Sina neno, baba," akasema. Akabeba nguo akaingia ndani.

Nikabaki uani na yule ng'ombe wa walima. Yeye anatafuna, mimi namtazama. Haukupita muda, simu ikatetema mfukoni. Laini ya pili.

"Bi Moza, uko?"

"Niko, mwanangu."

"Baba kaniuliza tena sasa hivi, sote wawili tu. Kaniuliza vizuri, kwa upole, sijapata kumuona hivyo. Neno lilikuwa hapa mdomoni. Nikashindwa. Nimeshazoea kushindwa mbele yake."

Nilikiona kivuli chake dirishani, simu mkononi. Alikuwa hatua chache kutoka nilipokaa, na kati yetu kuna mwanamke wa Fundo.

"Bi Moza, nakuomba kwa jina la Mungu. Kesho baada ya alasiri watu wa Mgogoni wanakuja kupanga mambo ya Ijumaa. Wakishakuja, imekwisha. Njoo kabla yao. Njoo wewe uzungumze na baba. Wewe mtu mzima, yamekukuta, atakusikiliza. Mie nitakaa nyuma yako. Ukianza wewe, nitamaliza mie."

Nikasoma mara ya pili. Ukianza wewe, nitamaliza mie.

Nikaandika kwamba naumwa. Nikafuta. Nikaandika kwamba mume wangu haniruhusu kutoka. Nikafuta. Nikaandika, "Suhaila, mwanangu, mimi ni baba yako." Hiyo nayo nikaishika pale, kidole juu ya kitufe, nikamuona dirishani anaifuta pua kwa ncha ya mtandio, anangoja.

Nikafuta.

Nikaandika: "Nitakuja, inshaallah."

Kwa nini? Usiniulize, msomaji. Tangu Jumamosi nimeulizwa vya kutosha.

Mara Mwatima akatoka jikoni, mwiko mkononi, anacheka peke yake.

"Baba Suhaila! Kesho una mgeni. Yule mpenzi wako Bi Moza anakuja. Suhaila kanambia sasa hivi."

"Bi Moza yupi?"

"Ah, usijitie hamnazo. Anayeisifu mizani yako. Mie nitapika, namwonea huruma kwa yaliyomkuta. Lakini kwanza nitamtazama usoni vizuri. Mwanamke gani anajua kukata nyama vile?"

Akarudi ndani akiimba.

Nyuma yake akatoka Suhaila. Macho yalikuwa bado mekundu, lakini alikuwa anatabasamu. Tangu siku ya posa nilikuwa sijauona ule mwanya wake wa meno. Kaniletea chai, na mara hii akakaa kando yangu.

"Baba, kesho baada ya alasiri usende popote. Kuna mtu nataka uzungumze naye kabla ya wageni."

"Mtu gani?"

Akafikiri.

"Mtu anonisikiliza," akasema.

Nikaishika ile chai kwa mikono miwili.

"Basi mkaribishe," nikamwambia.